Fundi Aliyewachagulia Wengine Milima

Mteja akija na koti lake lililochanika, Fundi hakulishika kwanza. Alimwambia, "Panda zile ngazi, ushuke, halafu tuongee." Ngazi zenyewe zilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Bellevue, Johannesburg, za zege, kali, zinapanda hadi vyumba vya juu walikokaa vijana wa ulinzi. Basi Mzungu wa watu, ameacha gari lake zuri barabarani na roho iko juu, anapanda. Fundi anajifanya anatia uzi kwenye sindano, kumbe anasikiliza pumzi. Mtu akishuka anapewa hukumu yake. "Wewe Annapurna utaiweza, lakini ongeza siku tatu za kupumzika." Au: "Wewe bado. Nenda Drakensberg kwanza, milima ya nchi hii hii, ulale kwenye baridi siku mbili, uje uniambie kama bado unaupenda mlima."

Mimi nilikuwa nasuka nywele chumba cha mbele, ukuta mmoja kati yetu, kwa miaka tisa. Nilicheka mpaka nikazoea. Jamani, mshona zipu kutoka Bukavu, hajapanda mlima wowote maishani mwake, anawachagulia watu wenye pesa zao safari za Himalaya! Nao wanamsikiliza, wanaandika kwenye simu. Na cha ajabu, alikuwa anapatia. Alikosea mara moja tu. Mara hiyo alikufa mtu, na katika kosa lile mimi nimo. Nitalisema. Lakini nikianza nalo mtadhani alikuwa mtu wa kosa moja, na hakuwa hivyo, kwa hiyo mtanivumilia.

Elimu yake ilitoka mifukoni. Duka moja la vifaa vya milimani, huko kaskazini mwa jiji, lilikuwa linamletea kazi: makoti ya manyoya ya bata, mabegi ya mgongoni, mahema, mifuko ya kulalia. Watu wanarudi kutoka Nepal zipu zimekufa, mishono imeachia. Kabla hajashona, Fundi alitoa kila kitu mfukoni, akakitia kwenye plastiki na kuandika jina la mwenyewe, hata kama ni ganda la peremende. Hakuchukua hata pini. Lakini alisoma. Zilikuwemo bili za nyumba za wageni za kule juu, zimeandikwa kwa mkono: chai, wali na dengu, maji ya moto ya kuoga, tarehe mfululizo. Alizipanga mezani akajua huyu alilala wapi, na ni wapi alikwama siku tatu bila kusogea. Akikuta pakiti ya vidonge vya kichwa imeisha yote, alitikisa kichwa. "Huyu walimkimbiza," aliniambia kupitia mlangoni. "Mama Neema, hivi watu hawa wana haraka ya kwenda wapi?"

Mwenyewe akija kuchukua koti, anaulizwa maswali kama yuko kituo cha polisi. Kichwa kilianza siku ya ngapi? Ulikula? Nani alitapika? Mwongozaji wenu alisemaje? Majibu yakaingia kwenye daftari la shule lenye jalada la kahawia, kwa Kifaransa, maandishi madogo yaliyonyooka. Nilipohamia nyumba ile alikuwa kwenye daftari la tatu. Kwa hiyo alijua njia ya Everest ina vumbi na msongamano, na kwamba watu wanaipenda kwa sababu ya jina. Alijua Annapurna siku hizi barabara ya magari imeingia, ukichoka unaweza kushuka. Alijua Manaslu iko mbali na msaada. Langtang aliipenda. Bonde, alisema, unapanda taratibu, jioni unafika kwa watu, na ukijisikia vibaya unageuka na njia ni ile ile uliyokuja nayo.

Siku moja walikuja wachumba wawili, wamependeza, wanashikana mikono hadi kwenye ngazi. Walitaka Manaslu. Fundi akawaambia, "Manaslu hapana. Kule mkigombana hakuna mlango wa kutokea. Nendeni Annapurna." Walicheka sana, wakaenda Manaslu. Baada ya mwezi na nusu yule dada alirudi peke yake, na mabegi mawili ya kushonwa. Fundi akayashona yote mawili, hakumuuliza hata swali moja, akamfungulia na lango mwenyewe. Mimi ningeuliza. Mpaka leo natamani kujua.

Wateja wangu mimi walikuwa hawampendi. Manyoya ya bata, ukifungua koti moja tu, yanaruka nyumba nzima. Umemaliza kumsuka mtu saa sita, rasta nyembamba, kichwa kinang'aa, anageuka kwenye kioo anakuta kichwa kimeota manyoya meupe! Weee, matusi yake. Nilimfuata mara ngapi. "Papa Fundi, funga mlango!" Anafunga. Baada ya dakika kumi anaufungua, eti hapati hewa. Mtu anayevaa sweta mbili mwezi wa kwanza, jua la Johannesburg linachoma, hapati hewa! Tulinuniana wiki nzima, halafu nikamkuta ameketi kizingitini kwangu na kibano, anamchambua mteja wangu manyoya moja moja, taratibu, wala hasemi samahani. Mteja mwenyewe alisinzia.

Hapo ndipo alipokuwa mgumu kueleweka. Kwa wateja wa milima alikuwa na mdomo. Nimemsikia akimwambia bwana mmoja mkubwa, mwenye saa ya kumeta, "Wewe usiende popote, nenda kwa daktari." Lakini kwetu sisi, watu wake, mdomo hakuwa nao. Mtu wa kanisani alileta suruali ya harusi asubuhi ya harusi yenyewe, Fundi ameacha kazi ya wenye kulipa, anashona. Kamati ya mazishi ikimpangia chai, anapika chai. Mama mmoja alimkabidhi redio yake mbovu amtunzie, akahamia Durban, na ile redio ilikaa juu ya kabati la Fundi miaka minne. Nilimwambia, "Itupe." Akasema, "Atauliza." Hakuweza kutuambia hapana. Sote tulijua, na tulitumia.

Kila mteja aliyekwenda mlimani alimpa amri moja, na alimlazimisha airudie kabla ya kutoka langoni. "Kikohozi kikianza, fanya nini?" Wanaume wazima, wakurugenzi, wamesimama kwenye ua wetu kando ya nguo zinazoanikwa, wanajibu: "Nageuka." "Hata kama umebakiza saa moja?" "Nageuka." Asiyerudia hakupewa koti lake. Alisema ameshayaona makoti ya watu waliokohoa na kuendelea. Yaliletwa na ndugu zao.

Sasa kanisa. Sisi Wakongo wa kule, mlima kwetu ni maombi. Jumamosi mchana tulikuwa tunapanda kilima cha mawe juu ya Yeoville, kila kanisa na mwamba wake, tumefunga, tunalia, tunataja shida zetu kwa majina. Huko ndiko watu wamepata watoto, wamepata karatasi, au wanaamini hivyo. Fundi alikuja kila Jumamosi, lakini hakupanda. Alikaa chini anatulindia viatu na mabegi. Pasta wetu alimtania hadharani kwamba fundi wa milima anaogopa kichuguu. Yeye alitabasamu tu. Mimi aliniambia kwamba anasikia vizuri kutoka pale chini, na kwamba Mungu pia, anavyofikiri, si kiziwi. Nilimkemea. Nilikuwa mtu wa imani kali miaka ile, maana nilikuwa na shida kali.

Shida yangu ilikuwa karatasi ya ukimbizi. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka kumi na tatu kwa karatasi ya kuongezewa miezi sita, miezi mitatu, miezi sita. Wamenikataa mara mbili. Nikakata rufaa, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wakikataa, mimi na Neema tunarudi Uvira, na Neema Uvira haijui, Kiswahili chenyewe anakisikia tu, anajibu kwa Kizulu. Nilikonda. Nilikuwa nasuka mtu huku machozi yanamdondokea kichwani, namwambia ni mafuta.

Na kulikuwa na Mwalimu. Huyu alikuwa mama wa Kizungu, mstaafu, alifundisha watoto muziki maisha yake yote. Mteja wa Fundi wa siku nyingi, lakini aliacha kuwa mteja, akawa mtu wa nyumbani. Alikuja hata bila koti. Anakaa kwenye kreti ya soda, anakunywa chai ya Fundi isiyo na sukari, wanafungua daftari, wanabishana juu ya vijiji ambavyo mmoja wao tu ndiye amevikanyaga. Alikuwa mwembamba, mcheshi, ana sauti kubwa. Kifua chake kilikuwa kibovu. Safari yake ya mwisho huko alirudishwa njiani, na wakati wa baridi nilimsikia kupitia ukutani, anakohoa kikohozi kirefu, halafu anacheka. Mara kwa mara alipumzika kwenye kiti changu cha kusukia kabla ya kutembea hadi kwenye gari lake. Aliniambia mara moja, "Mama Neema, usimwambie Fundi kwamba nimekaa hapa." Sikumwambia.

Mwaka ule Fundi alipata pasipoti ya hapa, baada ya foleni ambazo tukianza kuzisema hatutamaliza. Mwalimu alileta keki. Akamwambia mbele yangu, "Umetembea Himalaya ndani ya hilo daftari vya kutosha. Tutakwenda wawili, mimi natoa tiketi. Wewe kazi yako ni moja: chagua. Wewe ukisema, mimi sitabisha."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alikwenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Alichagua baada ya wiki tatu. Alimpandisha Mwalimu ngazi, mara mbili, siku mbili tofauti, akasikiliza. Akasema Langtang, na siyo mpaka mwisho wa bonde, na siku za kupumzika ziwe nyingi kuliko za kutembea. Mwalimu akamwita mwoga, akamkumbatia. Asubuhi nilimwona Fundi anatembea kwenda hadi robot ya pili, zile taa za barabarani, na kurudi, mgongoni begi lenye kilo kumi za mchele, miguuni viatu vya mteja aliyekataa kuja kuvichukua.

Habari ikafika kanisani. Na hapa ndipo tulipofanya tulichofanya. Nadhani hakuna watu wengine duniani wangefanya. Mama mmoja alikuja na bahasha: ombi lake, limeandikwa, limefungwa, Fundi aende nalo mlimani alikokuwa anakwenda, aliweke juu. Tumbo lake halijashika mimba miaka saba. Fundi akaipokea, angefanyaje? Jumapili iliyofuata zilikuja bahasha kumi. Baadaye nyumba yetu ikawa na foleni, wa kutoka Hillbrow, wa kutoka Berea, hata watu tusiowajua, wote wameshika bahasha. Visa, ndoa, kansa, kesi. Mimi yangu niliiandika ukurasa na nusu, nikanakili na namba ya faili langu, ili Mungu asichanganye.

Halafu mtu mmoja akauliza: hiyo Langtang ni mlima wa ngapi kwa urefu?

Fundi, mjinga wa kweli, akasema kweli. Akasema ni bonde.

Eish, mngesikia! Pasta alikuja mwenyewe, na wazee wawili wa kanisa. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote. "Fundi, Mungu anakupeleka kwenye paa la dunia, halafu wewe unachagua bonde?" Fundi akasema, "Pasta, ni kwa ajili ya kifua cha yule mama." Pasta akasema, "Kifua chake tutakiombea." Fundi akasema hapana, mara ya kwanza na ya mwisho nimemsikia akilisema neno hilo kwa mtu wa kwetu. Akalisema kwa sauti ndogo, anaangalia mashine. Wakaondoka wamekasirika. Watu wakaanza kuja kuchukua bahasha zao, hawamsalimii.

Wiki nzima alisimama hivyo. Angesimama. Ila na mimi nilikwenda, mimi niliyekuwa nakula naye, mimi niliyekuwa nimesikia kile kikohozi kuliko mtu yeyote kanisani. Nikamwambia, "Papa, kama unakwenda bondeni, na mimi nirudishie bahasha yangu. Bondeni hata mimi niko." Akaniangalia. Akasema, "Na wewe?" Nikasema, "Mimi nina mtoto, Papa." Nikaanza kulia pale pale, na sikuwa naigiza.

Kesho yake alimwambia Mwalimu ni Everest, mpaka kambini chini ya mlima. Mwalimu alipiga makofi. Nani asiyeitaka Everest? Siku hiyo Fundi hakumpandisha ngazi.

Waliondoka mwezi wa kumi. Bahasha zote zilirudi, na nyingine zikaongezeka, akazifunga kwenye plastiki ya bluu chini ya begi, mahali pa kuweka nguo za joto. Pasta aliliwekea begi mikono. Mwalimu alidhani ni baraka za safari, akainamisha kichwa naye aombewe.

Fundi alifika Namche, mji mdogo wa njiani, siku ya tatu ya kutembea, akapata mtandao, akaniandikia saa nne asubuhi ya kwetu. Ujumbe ninao. "Mama Neema, tumefika Namche, salama. Mwalimu anakohoa kidogo. Nafikiri kugeuka. Unasemaje?" Mtu aliyewafundisha wakurugenzi kujibu swali hilo langoni kwetu, ananiuliza mimi, msusi. Alikuwa ananiomba ruhusa. Nikamjibu: "Songa mbele Papa, tuko kwenye maombi, usituangushe." Akajibu Amina.

Kilichofuata nilikisikia akimweleza mtoto wa kiume wa Mwalimu, uani kwetu, amesimama wima na mikono nyuma. Hakujitetea hata kidogo. Kijiji cha tatu kutoka Namche, mama hakuweza kumaliza kikombe cha chai. Mwongozaji, kijana wa kule kule, alisema washuke sasa hivi. Mwalimu alisema yeye anamsikiliza Fundi. Fundi akasema, kijiji kimoja zaidi, tuone. Kesho yake mchana ilikuja helikopta. Alifariki ndani yake, kabla hawajaona jiji. "Mimi nilijua," Fundi akamwambia yule mtoto wa Mwalimu kwa Kiingereza chake. "Siyo kwamba sikujua." Kijana akasema tu, "Alikuwa anakuamini." Akachukua koti la mama yake, ambalo Fundi alikuwa amelishona lote upya, akaondoka.

Jumapili Fundi alikuja kanisani na ile plastiki ya bluu. Akapita kiti kwa kiti, anamrudishia kila mtu bahasha yake kama mwalimu anayerudisha madaftari. Hazikufunguliwa. Hazikufika. Mnadhani watu walisemaje? Mnadhani kuna aliyesema pole? Walinung'unika. Wengine walisema hakufunga vya kutosha. Pasta alihubiri juu ya mtumishi aliyetumwa akarudi njiani. Na mimi, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa imekubaliwa mwezi ule, niliitwa mbele kutoa ushuhuda. Nikaenda! Nikashika maikrofoni, nikasema Bwana amejibu hata kabla bahasha haijafika kileleni. Watu wakapiga vigelegele. Fundi alikuwa kiti cha nyuma. Alipiga makofi pamoja nao.

Mwisho wa mwezi alihama, hakumwambia mtu anakokwenda. Ile redio mbovu akaniachia mimi, na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Imepita miaka minne. Mwezi uliopita nilikwenda Turffontein kumsuka bibi harusi nyumbani kwao, na wakati wa kurudi, napita nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, nikasikia mashine ya kushona. Mtu anaweza kuijua mashine kama anavyojua sauti ya jirani. Nilichungulia kwenye karakana. Alikuwa amevaa sweta mbili. Ameinama juu ya blanketi kubwa la farasi, linashuka mezani hadi sakafuni.

"Karibu, Mama Neema," akasema, kana kwamba niliondoka jana. Akanitafutia kiti. Nywele zimekwisha kuwa nyeupe, na mikono imekonda. Akaniuliza Neema yuko darasa gani, nikamwambia amemaliza, anasoma unesi. Akafurahi kweli kweli, akalirudia neno, unesi, unesi.

Nikamwuliza kama bado anawachagulia watu milima. Akasema hapana, anashona blanketi za farasi tu, na ni kazi nzuri, farasi haulizi kitu. Alikuja kijana mmoja mwaka jana, akasema, wa lile duka la zamani, amemtafuta mji mzima, anataka kujua kama Langtang itamfaa mama yake. Akamwambia amepotea nyumba.

Akakata uzi kwa meno. Halafu akasema, bila mimi kumwuliza, "Mimi huwa najiambia, bon, haya, nilibeba bahasha za watu wote wale, nikamuua yule mama, na hakuna aliyepata kitu. Halafu nakumbuka wewe. Wewe ulipata. Nasema, basi, angalau mtoto wa Mama Neema amesoma. Inanisaidia asubuhi."

Ningenyamaza. Kila siku najiambia ningenyamaza, ningekunywa chai yake nikaenda zangu. Lakini lile jambo lilikuwa limenikaa kooni miaka minne, na nikaona ndiye mtu pekee wa kumwambia.

"Papa," nikasema, "ujumbe wa ofisi ya karatasi, kwamba wamenikubalia, ulikuja asubuhi ile uliyoniandikia kutoka Namche. Ulikuwa kwenye simu yangu tayari. Niliusoma kabla ya wako."

Mguu wake ukatoka kwenye pedali.

"Tayari?"

"Tayari, Papa."

"Na ukaniambia nisonge mbele."

"Nilikuwa sijaishika karatasi yenyewe mkononi. Niliogopa ukigeuka, na wao watageuka, wataniita waniambie wamekosea. Niliogopa tu, Papa. Nisamehe."

Akaliangalia blanketi. Akalikunja upande uliobaki, akalikunjua tena. Nilimwambia pole, nilimwambia mengi, nililia, na wakati nalia nilijisikia mwepesi, Mungu anione, mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Yeye alingoja nimalize.

"Kwa hiyo hata bahasha yako haikuhitaji mlima," akasema.

"Haikuhitaji."

"Ungekaa na neno lako, Mama Neema." Hakupandisha sauti. "Mimi asubuhi nilikuwa na hilo moja tu."

Akavuta blanketi chini ya sindano, akaanza kushona, na kelele za mashine zilikuwa kubwa kiasi kwamba tusingeweza kuongea tena.